Upembuzi Yakinifu

Mhandisi kijana anayefungua ofisi ya ushauri wa nishati Kyela mjini haanzi kwa kuuza mitambo wala paneli za jua. Anaanza kwa kuuza karatasi. Kwenye mkataba yeye ataitwa mshauri mwelekezi, na karatasi yake itaitwa upembuzi yakinifu. Wengi tumelizoea jina hilo kutoka bungeni, ambako "upembuzi yakinifu unaendelea" imekuwa namna ya heshima ya kumwambia mwananchi aendelee kusubiri.

Istilahi yenyewe imetoka kwenye ungo. Mpunga ukishatwangwa, kupepeta huondoa makapi. Kupembua ni kazi ya baadaye: ungo unatikiswa kwa mkono mwepesi hadi chenga na punje zenye maganda zijitenge na mchele mzima. Kyela, ambako mchele umejenga jina hadi Dar es Salaam, hilo halihitaji maelezo. Anayepembua yuko tayari kutupa. Kwa maoni yangu, hapo Kiswahili kimewazidi Waingereza, ambao neno lao linauliza tu kama jambo linawezekana.

Chukua kijito kinachoteremka kutoka Milima ya Livingstone upande wa Matema. Hesabu ya umeme wake ni fupi: zidisha wingi wa maji kwa urefu wa anguko, kisha kwa 9.81, halafu utoe kinachopotea kwenye mitambo. Nusu mita ya ujazo kwa sekunde ikianguka mita 40 inatoa takriban kilowati 150. Anayepima Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, atarudi anatabasamu. Tuseme Oktoba maji yameshuka hadi moja ya tano. Zinabaki kilowati 30, yaani mashine mbili za kukobolea zenye mota za kilowati 15, na taa hakuna. Ndiyo maana mpembuzi makini husimika mtoni mti wenye alama za sentimita na kumlipa mwanakijiji ausome asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Huuliza pia mashine zinakoboa miezi gani na nani atamudu bili. Kisha hupanda Tukuyu, kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, kufuatilia kibali cha kutumia maji. Kompyuta inakuja baadaye sana.

Nusu ya pili ya istilahi ndiyo inayonitatiza. Yakini ni jambo lisilo na shaka, na ripoti hizi zimejaa makadirio: ya maji, ya bei, ya riba. Tazama Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, ambao hufurika na kuhamahama mkondo. Upembuzi wake ulikamilika mwaka 2003. Mpango ukawa mabwawa matatu, la chini likizalisha takriban megawati 180 za kugawana nchi mbili. Mwaka 2017 ukasainiwa mkataba wa kamisheni ya pamoja, makao makuu yakiwa Kyela. Miongo miwili baada ya upembuzi ule, bwawa lilikuwa bado halijajengwa. Gharama za 2003 haziwezi kuwa yakini leo. Upembuzi huchacha, na mshauri mwaminifu huandika ni lini wake utahitaji kurudiwa.

Jotoardhi ni kali zaidi. Kwenye chemchemi za moto za Kiejo-Mbaka, Busokelo, vipimo vya juu ya ardhi havikutosha. Mwaka 2021 Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania ilichoronga visima vyembamba ili kuupima moto wenyewe. Hakuna benki inayokopesha kwa kutazama mvuke.

Kuna wanaoandika "upembuzi yakinifu wa awali". Hiyo ni sawa na kusema uhakika wa kubahatisha. "Upembuzi wa awali" unatosha. Yakinifu tuibakize kwa kazi ambayo imeshashuka mtoni.

Kasoro ya biashara hii ni kwamba anayelipa kwa kawaida anataka kusikia ndiyo. Mshauri ambaye ripoti zake zote zimesema ndiyo hajawahi kupembua chochote. Wewe mwenye kijiji, ushirika wa kakao au kiwanda cha kukoboa mpunga, ukiletewa ripoti ya mradi wa umeme wa maji, omba kwanza ukurasa wa maji ya Oktoba. Kama haumo, usilipe awamu ya mwisho.