dohani, bomba la hewa

dohani nm [i-/zi-] Njia iliyosimama ya kupitishia moshi hadi juu ya paa la nyumba, la kiwanda au juu ya sitaha ya meli.

Neno limetokana na Kiarabu *dukhani*, yaani moshi, na asili hiyo bado inalifunga: pasipo moto hapana dohani. Kamusi za zamani hulipa pia maana ya kapu refu la kubebea matunda, ambayo leo haisikiki sana. Si kila nyumba yenye moto ilikuwa nayo. Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji nyumba iliyojulikana mno ni tembe, yenye paa bapa la udongo. Lipo Kwihara, karibu na Tabora, tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi kutoka pwani. Matembe kwa kawaida hayakuwa na dohani. Moshi ulitafuta mlango na nyufa.

Kwa hiyo si sahihi kuliita dohani bomba linalosimama nyuma ya choo cha shimo. Hilo ni bomba la kutolea hewa, na hapa kauli ya kutendea imekaa mahali pake. Upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa ya shimoni, na hewa safi hushuka kwa tundu la choo kushika nafasi yake. Kipenyo kinachopendekezwa kwa bomba la plastiki ni milimita 150, yaani inchi 6. Mdomo upite paa kwa nusu mita walau, nao ufunikwe wavu. Chumba kikiwa na giza, nzi wa shimoni hufuata mwanga wa bomba na kukwama wavuni. Tabora, mji wa miembe, yafaa kuangalia kwanza mti ulipo: mwembe uliofunika choo huuzuia upepo, na bomba hubaki pambo.

Penye choo cha kuvuta, *kutolea* husema nusu tu ya kazi. Maji yanayoporomoka bombani hunyonya hewa nyuma yake. Isipopatikana, huyanyonya maji yaliyotuama katika kona ya bomba chini ya sinki, ambayo kina chake aghalabu hakizidi sana milimita 50. Maji hayo ndiyo kizibo cha uvundo. Yakiondoka, harufu ya shimo la maji taka huingia jikoni. Hapa bomba huingiza hewa kama linavyoitoa, na jina lililo bora ni bomba la kupitishia hewa, au kwa ufupi bomba la hewa. Tofauti hii si ya wanakamusi peke yao: fundi aliyeambiwa kwamba bomba ni la kutolea harufu, asiposikia harufu, huona hana hasara akilifunga kwa kifuniko au akiweka jembamba. Kanuni ya kawaida ni kwamba kipenyo chake kisipungue nusu ya kile cha bomba la maji taka linalohudumiwa. La milimita 100 lipate la 50 au zaidi.

*Mifano:* Dohani ya tanuri imejaa masizi. Sinki likigugumia kila choo kinapovutwa, bomba la hewa limeziba.