Maji ya bluu ya kioo cha gari: ni nini, na juu ya nini ni hatari

Gari za okazio zinazofika Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia mara nyingine ziko bado na maji ya bluu ndani ya kibido kidogo chini ya kapo. Hayo si maji ya radiateri. Ni maji ya kuosha parebrizi, mafundi wanaita lavuglasi.

Kule ilikotoka gari, huwezi kukosa hayo maji. Katika Kanada, baridi inaweza kushuka hadi -30. Maji ya kawaida yanaganda kwa 0, na yakiganda yanavimba karibu 9 kwa mia: kibido kinapasuka, pompi ndogo inakufa. Hata yasipopasua kitu, ukiyarusha kwenye kioo chenye baridi yanageuka barafu mbele ya macho ya shofere. Njo maana wanatia alkoli ndani, kwa sababu inachelewesha kuganda. Iko maji ya -20, iko ya -40. Watu wanachagua kufuatana na baridi ya kwao, na wanabadilisha mbele ya majira ya baridi kufika. Ndugu zetu walio kule wanajua hayo.

Hapa kwetu barafu iko juu ya Ruwenzori tu, na gari hazipandi kule. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua ya baridi. Tatizo ni ingine: alkoli ile mara nyingi ni metanoli. Ulaya walikataza tangu 2019 kuuzia raia maji ya kioo yenye metanoli kupita 0,6 kwa mia, lakini Kanada na Marekani bado inauzwa.

Metanoli inalevya kama pombe, ila mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu macho na kuua. Mutu anaweza kuonekana muzima masaa 12 na zaidi, kiisha anaanza kutapika, kichwa kinauma, macho inaona ukungu. Mutu akikunywa, musimutapishe, musingoje dalili. Mupeleke hospitali mbio pamoja na chupa yenyewe, muganga aone. Dawa iko, lakini inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema.

Kwa hiyo, mama na baba wenye gari: musiweke kamwe lavuglasi ndani ya chupa ya maji ya kunywa ao ya fanta. Mutoto anaona rangi nzuri, anakunywa. Na musikubali mutu achanganye ndani ya pombe.

Kwa barabara zetu, maji safi yaliyochujwa yanatosha, pamoja na kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kuoshea sahani kwa bido ya litre 5. Sabuni ya unga hapana, inaziba matundu ya kurushia. Yakiziba, zibueni polepole na shindano. Mutazame kibido kila juma wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi inamaliza maji haraka.

Kwa watu wa Goma, neno moja zaidi: majivu ya volkano ni kama vipande vidogo sana vya kioo. Ukiwasha balai kioo kikiwa kikavu, unakwaruza parebrizi, na usiku taa za gari inayokuja zitakupofusha. Mwaga kwanza maji mengi, majivu yashuke yenyewe, kiisha balai.