Kabla ya kununua pampu ya mafuta mtandaoni

MWENYE gari mjini Meru hahitaji tena kusafiri hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kusaka vipuri. Huchagua picha kwenye simu, hutuma pesa kwa M-Pesa na kesho yake hukabidhiwa kifurushi stejini, akakipeleka kwa fundi wake Gakoromone.

Akiagiza kioo cha pembeni, hasara ikitokea huwa ndogo. Lakini pampu, injekta, chujio na mipira ya mafuta ni vipuri ambavyo kasoro zake hazionekani pichani. Nyumba njema si mlango.

Katika magari mengi ya petroli yenye injekta, pampu iliyo ndani ya tangi husukuma mafuta kwa takriban mara tatu ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Katika injini za dizeli za kisasa, shinikizo kwenye injekta hupita mara 1,000.

Mpira uliokusudiwa magari ya zamani ya kabureta, yenye shinikizo dogo, hufanana na ule wa injekta. Ukifungwa pasipo pake, waweza kupasuka na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Mvuke wa petroli huweza kuwaka hata penye baridi kali kuliko ya kilele cha Mlima Kenya, hivyo cheche moja yatosha.

Pampu hafifu nayo hudanganya. Mjini gari hunguruma vizuri, lakini likipakiwa mzigo na kupanda mlima, pampu hupata joto na kulegea. Barabara ya Meru kuelekea Embu ina miinuko na kona kali, hasa karibu na Daraja la Nithi. Injini ikizima hapo, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kwa msafirishaji wa miraa kutoka Igembe, ambayo hunyauka haraka, saa chache za kukwama zaweza kula faida yote ya safari.

Chujio duni huruhusu uchafu kufikia injekta, na injekta ni ghali mno kuliko chujio.

Ni kweli kwamba si kila kipuri kisicho cha kiwanda kilichounda gari ni kibaya. Wako watengenezaji wa vipuri mbadala wenye sifa njema. Vilevile, hata viwanda vikubwa hukosea: mwaka wa 2020, Toyota iliita mamilioni ya magari duniani kwa sababu sehemu ya plastiki ndani ya pampu zilizoundwa na Denso ingeweza kuvimba na kuisimamisha pampu. Tofauti ni kwamba wenye magari hayo walitafutwa na kubadilishiwa pampu bila malipo. Anayenunua kwa mwuzaji asiye na jina wala duka hatatafutwa na yeyote.

Kabla ya kulipa, chukua namba ya fremu ya gari na namba ya kipuri cha zamani. Kwa Toyota, namba za pampu ya mafuta kwa kawaida huanza na 23220. Hata hivyo, namba pekee si ushahidi, kwa kuwa mghushi pia ana mashine ya kuchapisha. Kwa mpira wa injekta, tafuta maandishi ya SAE J30R9 ubavuni. Mpendelee mwuzaji anayekubali ulipe baada ya kukagua, anayetoa risiti na ambaye duka lake lajulikana.

Mwambie fundi apime shinikizo la mafuta baada ya kufunga kipuri, na akague kama kuna mvujo injini ikiwa inanguruma. Ukinusa petroli ndani ya gari, zima injini na usiendelee na safari.

Sheria ya mwaka wa 2008 inaharamisha uuzaji wa bidhaa ghushi, na malalamishi hupokelewa na Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Hifadhi risiti, boksi na ujumbe wa M-Pesa. Bila hivyo, itakuwa vigumu kuthibitisha ni nani aliyekuuzia.