Ngazi za Jimnastiki kwa Watoto

Ngazi za jimnastiki ni madaraja ya umahiri ambayo mtoto anayejifunza mchezo huu hupandishwa moja baada ya jingine, kila daraja likiwa na mazoezi yake, kanuni zake za uamuzi na masharti yake ya kuvuka. Nchi nyingi zina utaratibu wa namna hii. Unaoelezwa hapa ni ule wa wasichana nchini Marekani, unaosimamiwa na shirikisho la USA Gymnastics, ambao hadi mwaka 2020 uliitwa Programu ya Olimpiki ya Vijana na tangu hapo huitwa Programu ya Maendeleo. Una ngazi 10, na juu yake kuna daraja la wateule wanaowania nafasi katika timu ya taifa.

Wasichana hushindana kwenye vifaa vinne: meza ya kurukia, pau mbili za kimo tofauti, boriti ya mizani, yenye urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10 na kimo cha mita 1.25, na sakafu yenye springi. Kila kifaa hutolewa alama zisizozidi 10, hivyo jumla ya juu kabisa ni 40.

Ngazi ya 1 hadi ya 5 huitwa ngazi za lazima, kwa sababu kila msichana, awe Texas au Ohio, hufanya mfuatano uleule wa mazoezi uliotungwa na shirikisho, na kwenye sakafu hata muziki huwekwa na shirikisho. Hapa ndipo mtoto anapojifunza kubingirika, kusimama kwa mikono na kujipindua ubavuni kama gurudumu, na waamuzi hukata alama kwa goti lililopinda au kidole cha mguu kisichonyooshwa. Wazazi huziona ngazi hizi kuwa za kuchosha, lakini ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa kuwa zoezi likiwa moja kwa wote, udhaifu wa msingi hauna pa kujificha.

Kizuizi kinachojulikana zaidi katika sehemu hii ni zoezi la pau liitwalo kipi (kip), linalodaiwa katika ngazi ya 4. Mtoto hubembea mbele akiwa ameshika upau, hufikisha vidole vya miguu kwenye upau bembea inapoishia, kisha huusukuma chini kandokando ya mapaja hadi mwili wote unyanyuke na kukaa juu ya mikono iliyonyooka. Nguvu za tumbo na mabega pekee hazitoshi, kwani akivuta mapema au akichelewa kidogo huanguka tena na kubaki ananing'inia. Wako wanaolipata zoezi hili kwa wiki chache na wako wanaohangaika nalo mwaka mzima, na tofauti hiyo haitabiri ni nani atakayefika mbali.

Kuanzia ngazi ya 6 huja ngazi za hiari, ambamo kila msichana hutungiwa mazoezi yake na kuchaguliwa muziki wake. Uhuru huo una mipaka: mienendo hupangwa kwa herufi, A ikiwa rahisi kabisa, na anayeonyesha mwendo usioruhusiwa kwa ngazi yake hukatwa alama badala ya kuongezwa. Kanuni hiyo ni ya haki, maana humlinda mtoto dhidi ya pupa ya watu wazima. Katika ngazi ya 10 mazoezi huhesabiwa kuanzia 9.5, na nusu ya alama iliyobaki hutafutwa kwa mienendo migumu na maunganisho yake.

Kuvuka kunahitaji jumla ya alama iliyowekwa, lakini uamuzi wa mwisho huwa wa kocha, na kurudia ngazi ni jambo la kawaida. Sababu ni nyingi: balehe hubadilisha uzito na mizani ya mwili. Sehemu za ukuaji kwenye mifupa ya kifundo cha mkono huumia kwa kubebeshwa uzito mara kwa mara. Na hofu ya kujirusha kinyumenyume huweza kumpata ghafla hata aliyekwisha kuimudu. Kwa wasiotaka njia hii kali upo mkondo wa Xcel, wenye madaraja ya Shaba, Fedha, Dhahabu, Platini, Almasi na Yakuti.

Wateule hufuata kanuni za shirikisho la kimataifa, FIG, ambalo mwaka 2006 liliondoa kikomo cha alama 10, na ambalo tangu 1997 linamtaka mwanamke anayeshindana ngazi ya wakubwa awe ametimiza au atatimiza miaka 16 katika mwaka huo. Mwanajimnastiki Simone Biles, aliyeanza mchezo huu akiwa na miaka 6, aliingia kwa wateule chipukizi mwaka 2011 na kuwa bingwa wa dunia mwaka 2013. Wanaofika huko ni wachache mno. Wengi wa wasichana wa ngazi ya 10 wanaoendelea kushindana huelekea kwenye timu za vyuo vikuu vya Marekani, ambako alama 10 kamili ingali inatolewa.