Nani Huchagua Herufi Tunazosoma?

Miaka michache iliyopita, huko Mgeta, magharibi mwa Milima ya Uluguru, mzee mmoja alinionyesha kipeperushi kuhusu dawa ya ukungu wa viazi. Kilielekeza kijiko kimoja cha dawa kwa maji "1l". Waandishi walikusudia lita moja. Lakini katika fonti waliyoichagua, tarakimu ya moja na herufi l zilifanana kama pacha. Mzee alisoma kumi na moja. Dawa ikazimuliwa kupita kiasi, ukungu ukala shamba. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nilisoma kisomo cha watu wazima enzi za Nyerere. Kusoma najua. Ni karatasi hii ndiyo haikutaka nisome."

Tangu siku hiyo siioni tena fonti kuwa pambo. Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba umbo la maandishi huchaguliwa na mwenye mamlaka, naye huwa na msomaji fulani moyoni. Sarafu za pesa zilizotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 zilikuwa na maandishi ya Kiarabu, hati iliyozoeleka kwa wafanyabiashara wa pwani. Serikali ya kikoloni ilipoleta heller mwaka 1904, Kiarabu hakikuwamo tena. Mwaka huohuo gazeti la Kiongozi lilianza kutoka Tanga, Kiswahili chake kikipigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Walowezi, kwa upande wao, walisoma Deutsch-Ostafrikanische Zeitung katika Fraktur, herufi za Kijerumani nzito zenye pembepembe. Nchi moja, herufi mbili kwa watu wa namna mbili.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee alihamishia serikali yake hapa Morogoro. Agosti 1916 mji ukatekwa na majeshi ya Uingereza. Watawala waliondoka, herufi za Kirumi zikabaki. Fraktur yenyewe ilikuja kupigwa marufuku na Wanazi kwao Ujerumani, mwaka 1941.

Fonti za leo nazo zina asili yake. Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932. Ilitakiwa kubana maneno mengi katika safu nyembamba. Verdana, aliyoisanifu Matthew Carter kwa kampuni ya Microsoft na kutolewa mwaka 1996, ilikusudiwa vioo vya kompyuta vya wakati ule, vyenye nukta chache. Kwa hiyo i kubwa, l ndogo na 1 zilitofautishwa kwa makusudi. Kabla ya hapo, taipureta nyingi hazikuwa hata na kitufe cha 1: mpiga chapa alibonyeza l, basi. Kosa la kipeperushi cha Mgeta lina babu yake.

Sisi tunaorithi vyombo hivi tuna wajibu wa kuchagua, si kupokea tu. Kwa karatasi, herufi zenye vipembe vidogo miishoni, za ukubwa wa pointi 12 au zaidi na mistari isiyosongamana, humfaa msomaji mzee. Kwa simu, tutafute fonti iliyo wazi, isiyochanganya l na 1, na inayoonyesha vyema alama ya ng' ya ng'ombe, ambayo kwetu ni sehemu ya herufi wala si nukuu. Na penye kipimo cha dawa tusifupishe: tuandike "lita moja".

Zaidi ya yote, kabla ya kuchapa nakala elfu, tumpelekee mkulima nakala moja, asome kwa sauti nasi tukisikiliza. Taifa lililotumia nguvu nyingi kufuta ujinga wa kusoma halina haki ya kuwarudisha wasomaji wake gizani kwa uzembe wa fonti.