Precision au Jazz? Swali la mpiga besi

Mpiga besi akishachoka na gita la kujifunzia na kutaka la maana, duka lolote atakaloingia ataulizwa swali moja: Precision au Jazz? Majina mengine yapo tele, lakini mengi ni watoto na wajukuu wa hayo mawili. Mimi swali hili nimetembea nalo tangu mwaka jana, nikiwa na akiba ya gita moja tu. Nikinunua, ndiyo basi. Kazi ya uandishi wa habari hailipi magita mawili.

Kabla ya 1951 swali hilo halikuwepo. Mpiga besi wa Marekani alibeba dude la mbao refu kumzidi yeye, halisikiki mbele ya tarumbeta na kwenye gari haliingii. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye kupiga gita hata hakujua, akachonga ubao bapa, akautia umeme na freti, vile vichuma vinavyokata shingo. Jina Precision, yaani usahihi, linatoka hapo: freti ndizo zinazoamua noti, siyo kubahatisha kwa kidole. Paul Tutmarc wa Seattle alishawahi kutengeneza besi ya umeme yenye freti miaka ya 1930, ila haikushika soko. Ya Fender ilishika, na urefu wake wa uzi, inchi 34, viwanda vingi vinaufuata mpaka leo.

Mwaka 1960 kampuni hiyohiyo ikatoa Jazz Bass: shingo nyembamba zaidi kule juu, na pikapu mbili (siyo za kubeba mahindi, nazungumzia sumaku zinazonasa mtetemo wa uzi). Precision ina sauti nene, inakaa chini. Jazz inanguruma, kila noti inajitangaza.

Hapo ndipo wapigaji walipogawanyika. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alishikilia Precision yake ya 1962 akiipiga kwa kidole kimoja, cha shahada, na nyuzi hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Jaco Pastorius alichukua Jazz ya 1962, ikang'olewa freti, mashimo yakazibwa. Yaani kile alichokihangaikia Fender, Jaco alikitupa, na gita likaimba kama mtu. Paul McCartney hakuwa na anasa ya kuchagua kati ya hizo mbili. Mwaka 1961 huko Hamburg, Fender ilikuwa kama pauni 100, naye akanunua Höfner ya Kijerumani kwa kama pauni 30. Sababu yake nyingine naipenda zaidi: anapiga kwa mkono wa kushoto, na gita lile, kwa kuwa pande zake zinafanana, halikuonekana limegeuzwa.

Ajabu ni kwamba magita yote matatu yaliibiwa. La McCartney lilichukuliwa 1972, na habari ya kurudi kwake ikatangazwa 2024. La Jaco lilipotea New York 1986, likaibuka kama miaka 20 baadaye, mwenyewe keshafariki. La Jamerson liliibiwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983, na halijaonekana tena.

Kwetu Tanzania, kwa muda mrefu mwanamuziki wa dansi hata hakufika kwenye uchaguzi huo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri ya TTTS kabla ya kwenda DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpiga besi alikuta gita, akalipiga, na akihama, na kuhama kulikuwa kwingi, aliondoka na vidole vyake tu. Zile besi tunazozisikiliza hadi leo kwenye kanda za Redio Tanzania zilipigwa na watu ambao, mara nyingi, gita lenyewe halikuwa lao. Nikilalamika kwamba kuchagua kunanichosha, hilo hunifunga mdomo.

Basi nasikiliza bendi yetu. Tuna solo, sekondi solo, ridhim na kinanda. Sauti ya katikati imeshajaa kama daladala ya saa moja asubuhi. Jazz ikiingia humo itagombea kiti. Precision itakaa chini, iwaache wenzake waongee. Fundi ninayemwamini anasema shingo yake itakisumbua kidole changu cha mwisho, ambacho ni kifupi. Kitazoea. Kilichobaki ni rangi, na kwa bei niliyotajiwa nitachukua iliyopo.