Fungua, using'oe

Katika gereji nyingi, fundi mzuri hasemi ameng'oa usukani, husema ameufungua. Yuko sahihi. Kung'oa ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshika, kama jino au kisiki. Kufungua ni kulegeza kilichofungwa, kwa utaratibu, ili kiweze kufungwa tena.

Anayetoa usukani mwenyewe nyumbani ashike kitenzi cha pili. Nyoosha magurudumu, zima gari, ondoa waya wa hasi wa betri, kisha subiri dakika kadhaa umeme uliobaki kwenye mfumo wa mfuko wa hewa uishe. Ukishautoa mfuko huo, ulaze uso wake ukitazama juu. Weka alama kwenye usukani na mhimili wake. Legeza nati bila kuitoa yote, ndipo uvute: usukani ukiachia ghafla, nati itauzuia usikupige usoni. Vivyo hivyo, plastiki za milango zina skrubu zilizofichwa; zitafute kabla ya kuvuta, maana klipu zake huvunjika upesi.

Walimu wa ufundi, andikeni “kufungua” katika vitabu vyenu. Nawe msomaji, usipokuwa na mwongozo wa gari lako, mpelekee fundi.